Qibla na Bendera: Imani na Uzalendo katika Viwanja vya Michezo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Alhamdulillahi Rabbil 'Alamin. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na swahaba zake wote.



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, akatukusanya tukiwa wazima baada ya futari na sala. Katika darsa zilizotangulia tumezungumza juu ya saumu ya tumbo na saumu ya ulimi. Usiku huu tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu mkalistaajabia kulisikia msikitini, nalo ni uwanja wa michezo. Tuna deni juu ya jambo hili, na mwenye deni haanzi kwa kusimulia habari za wengine. Huanza kwa kukiri.

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa jumuiya yetu alikuwa mchezaji wa timu ya shule yake hapa Marekani. Kabla ya kila mechi kocha aliwakusanya wachezaji katika duara, wakapiga goti na kushikana mikono, naye akaomba dua kwa desturi ya kanisa lake. Katika dua hiyo Mungu aliombwa ailinde nchi, awalinde wanajeshi wake, na aipe timu ushindi. Hakuna aliyelazimishwa kwa maneno. Lakini kijana yule aliona kwa macho yake kuwa anayebaki pembeni wakati wa dua hubaki pembeni hata mechi inapoanza. Akatujia baada ya sala ya Alasiri, akauliza: "Shekhe, nifanyeje?" Nasi tulimjibu tukiwa mlangoni, viatu mkononi: "Acha timu. Dini yako ni bora kuliko mpira."

Akaacha. Msimu mzima alikaa chumbani. Baada ya miezi, mama yake alitujia akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Shekhe, mwanangu umemtoa uwanjani, lakini hukumwingiza msikitini." Na kweli, hata safu za Ijumaa alikuwa amezikimbia.

Ndugu zetu, jibu lile lilikuwa jepesi kwetu na zito kwake. Tulitoa fatwa ya haraka juu ya jambo ambalo historia yake hatukuwa tumeisoma. Usiku huu tutaisoma pamoja.

Kwanza tujue kuwa kuchanganya dini, dola na mchezo si jambo la jana. Mwaka 532, miaka 38 hivi kabla ya Mwaka wa Ndovu, mji wa Konstantinopoli, ambao leo ni Istanbul, ulikuwa na uwanja mkubwa wa mashindano ya magari ya farasi. Mashabiki waligawanyika makundi ya rangi, Buluu na Kijani, na rangi hizo zilibeba ndani yake siasa na hata mabishano ya kidini ya Wakristo wa wakati ule. Mwezi wa Januari ghasia zilizuka. Sehemu kubwa ya mji ikaungua, pamoja na kanisa kuu la wakati huo. Mfalme Justinian alitoka mbele ya umati uwanjani, Injili mkononi, akaapa kuwasamehe. Umati haukumwamini. Mwisho wake askari waliingia uwanjani, na mwanahistoria Procopius aliandika kuwa waliouawa walikuwa kama 30,000. Kitabu kitakatifu kilipoletwa uwanjani ili kuokoa kiti cha ufalme, hakikuokoa roho za watu.

Tuje katika nchi hii tunayoishi. Maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani yaliandikwa mwaka 1814 na mwanasheria Francis Scott Key, baada ya kushuhudia ngome ya Baltimore ikipigwa mizinga na Waingereza. Kwa zaidi ya miaka 100 haukuwa wimbo rasmi wa taifa. Uliingia katika mapenzi ya mashabiki kwa njia ya vita. Septemba 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa havijamalizika, bendi iliupiga katikati ya fainali ya besiboli mjini Chicago, na watu wakasimama. Mwaka 1931 ndipo sheria ilipoufanya wimbo wa taifa. Baada ya Vita vya Pili, kuupiga kabla ya kila mechi kukawa ada, na ada ikikaa sana huvaa vazi la faradhi.

Kisha ukaja wimbo wa pili, "God Bless America", ambao kwa jina lake tu ni dua ya kuiombea nchi baraka. Aliutunga Irving Berlin mwaka 1918 akiwa askari, akautoa upya mwaka 1938. Berlin alikuwa Myahudi, mhamiaji aliyezaliwa katika dola ya Urusi, aliyeletwa hapa akiwa mtoto. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, wimbo huo ukawa unaimbwa katika viwanja vya besiboli katikati ya mchezo. Tuzingatie jambo hili: dua ambayo leo wengine huitumia kumpima mgeni kama ni mwananchi wa kweli ilitungwa na mgeni aliyekuwa akiishukuru nchi iliyompokea.

Na kabla hatujawanyooshea wengine kidole, tujitazame. Sisi tuliotoka Tanzania tulisimama foleni shuleni tukaimba "Mungu Ibariki Afrika", ambao asili yake ni wimbo wa ibada uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti huko Afrika Kusini. Wenzetu wa Kenya wana "Ee Mungu Nguvu Yetu", ambao sauti yake ilichukuliwa katika wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Nyimbo zote mbili zinaanza kwa kumwita Mungu. Wazee wetu wa Kiislamu wa Pwani na Visiwani waliziimba, watoto wa Kikristo wakaziimba, na kila mmoja akamwelekea Mola kwa imani yake. Basi mchanganyiko huu hatukuukuta ugenini. Tulikuja nao.

Sasa tufike katika mwaka ambao tunaomba mwukumbuke: 1996. Katika mwaka huo mmoja, wanamichezo watatu Waislamu walisimama mbele ya bendera moja, na kila mmoja alikuwa na habari yake.

Wa kwanza ni Mahmoud Abdul-Rauf. Alizaliwa mwaka 1969 katika mji wa Gulfport, Mississippi, akiitwa Chris Jackson, katika umaskini, na akiwa na maradhi ya neva yanayomfanya mtu atikisike bila kutaka. Alisilimu mwaka 1991. Akicheza mpira wa kikapu katika timu ya Denver Nuggets, alifikia rai kuwa hawezi kusimama kwa wimbo wa taifa, kwa sababu aliiona bendera kuwa alama ya dhulma kwa watu wengi, na aliona kusimama huko kunagongana na imani yake. Kwa miezi kadhaa hakumsumbua mtu. Alikuwa akibaki ndani au akijinyoosha viungo. Habari ilipotangazwa, nchi ikachafuka. Tarehe 12 Machi 1996 ligi ilimsimamisha bila malipo, na mechi moja aliyoikosa ilimgharimu dola 31,707. Siku chache baadaye wakapatana: atasimama, lakini atainamisha kichwa na kuomba dua yake mwenyewe. Aliporudi uwanjani alisimama hivyo, viganja vikiwa usoni, akiwaombea wanaoteseka.

Hayo hayakutosha kuwaridhisha watu. Mwezi uleule, wafanyakazi wa kituo kimoja cha redio waliingia katika msikiti wa huko Colorado wakaupiga wimbo wa taifa kwa tarumbeta. Ndugu zetu, tuitafakari picha hiyo. Mtu mmoja alikosa kusimama uwanjani, na waumini wengine, ambao hawakuwa uwanjani kabisa, wakapigiwa tarumbeta katika nyumba ya sala. Hivi ndivyo jambo hili linavyohama: huanza katika mchezo na huishia mlangoni mwa msikiti. Mwezi wa Juni timu yake ikamhamishia Sacramento, na hakudumu sana katika ligi hiyo.

Wa pili ni Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, Nigeria, nyota wa Houston Rockets. Huyu alikuwa akifunga Ramadhani huku akicheza, na Februari 1995, mwezi ulioangukia ndani ya Ramadhani, alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa ligi nzima. Alipoulizwa juu ya kisa cha Abdul-Rauf, alikuwa na rai tofauti: kwamba Mwislamu mwema ni mwananchi mwema, na mafunzo ya dini ni kuheshimu. Naye alikuwa mgeni kama sisi. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1993, na Agosti 1996, katika Olimpiki ya Atlanta, alisimama kwa wimbo uleule akivishwa medali ya dhahabu.

Wa tatu ni Muhammad Ali. Tarehe 28 Aprili 1967 alikataa kuingia jeshini kwenda vita vya Vietnam, akataja dini yake kuwa sababu. Akavuliwa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 5 ambacho hakukitumikia kwa kuwa alikata rufaa, akakaa zaidi ya miaka 3 bila kupigana. Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu yake kwa kauli moja. Wako waliomwita msaliti. Na tarehe 19 Julai 1996, mikono ikitetemeka kwa maradhi, ndiye aliyewasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, na uwanja mzima ukamshangilia. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu Abdul-Rauf asimamishwe.

Ali huyo tunaye pia katika historia yetu ya nyumbani. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Afrika kuzishawishi serikali zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya Urusi kuivamia Afghanistan. Alifika Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari walimwuliza kwa nini Marekani haikuiunga mkono Afrika mwaka 1976, nchi nyingi za Kiafrika, Tanzania ikiwemo, ziliposusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Swali hilo lilimkuta hana jibu. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Mtu aliyekataa kutumiwa na dola mwaka 1967 alijikuta, miaka 13 baadaye, amebeba ujumbe wa dola. Hatulisemi hili kwa kumdharau, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tunalisema ili tujue kuwa hata shujaa anaweza kutumiwa asijijue.

Mtatuuliza: katika hao watatu, nani aliyepatia? Wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana juu ya kusimama kwa wimbo wa taifa. Wako wanaouona ni utukuzo usiostahiki ila kwa Mwenyezi Mungu, na wako wanaouona ni ada ya heshima isiyokuwa ibada, hukumu yake ikifuata nia ya mwenye kusimama. Hatutaimaliza ikhtilafu hiyo usiku huu. Lakini katika Sunna ya Mtume wetu (S.A.W.) mna visa vitatu vinavyotupa mizani.

Kisa cha kwanza. Siku ya Idi, Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Madina. Mtume (S.A.W.) aliwatazama, akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) naye atazame, na akawahimiza kwa kuwaita kwa jina la ukoo wao, Bani Arfida. Kumbe mchezo si adui wa ibada, na jina la watu wako si najisi.

Kisa cha pili. Safarini, Muhajirina mmoja alimpiga Ansari mmoja. Huyu akawaita Ansari wenzake wamsaidie, na yule akawaita Muhajirina wenzake. Mtume (S.A.W.) aliukemea wito ule, akauita wito wa kijahiliya, akaamrisha uachwe kwa kuwa unanuka. Tuzingatie: majina hayo mawili ni majina ya heshima, yametajwa kwa sifa ndani ya Qur'ani. Jina jema likigeuzwa kuwa fimbo ya kumpigia mwenzako, hunuka. Hiyo ndiyo asabiya.

Kisa cha tatu. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia aitwaye Al-Adhbaa, aliyekuwa hashindwi. Siku moja bedui alikuja na ngamia wake mchanga akamshinda. Waislamu wakasononeka. Mtume (S.A.W.) akawafundisha kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu cha dunia kinachonyanyuka ila hukishusha. Ngamia wa Mtume mwenyewe alishindwa, na haki ya dini haikupungua hata chembe. Basi tusiyapime mapenzi ya Mwenyezi Mungu kwa ubao wa magoli.

Kisa hiki kinatuhusu sisi hasa. Desemba 2022, Moroko ilipoitoa Hispania katika Kombe la Dunia kule Qatar, wachezaji walisujudu, nasi katika majumba yetu tukatoa takbira. Wengi katika wachezaji wale walizaliwa Ulaya, watoto wa wahamiaji kama watoto wetu. Furaha ile ilikuwa halali. Lakini baadhi yetu tulisema kuwa Uislamu umeishinda Hispania. Walipofungwa 2-0 na Ufaransa katika nusu fainali, je, Uislamu ulishindwa? Wachezaji wenyewe walitufundisha adabu, kwani baada ya kufungwa walisujudu tena mbele ya mashabiki wao. Sijida ya ushindi ni nyepesi. Sijida ya kushindwa ndiyo inayoonyesha qibla cha moyo.

Tunaongeza onyo moja. Wako wanaosimulia kuwa Mtume (S.A.W.) amesema kupenda watani ni katika imani. Wanazuoni wa Hadithi wameeleza kuwa maneno hayo hayana asili kwake. Lililothibiti ni kuwa aliipenda Makka, akasema alipokuwa akitolewa kwamba lau watu wake wasingemtoa, asingetoka. Kupenda nchi ni maumbile. Hakuhitaji hadithi ya kubuni, na hakutoshi kuwa dini.

Sasa turudi kwa kijana wetu na yale ambayo tulipaswa kumwambia.

Tungemwambia kwanza kuwa katika nchi hii ana haki ambazo wenzake walizipigania. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, watoto wa Mashahidi wa Yehova walipata hukumu ya Mahakama Kuu kuwa shule ya serikali haiwezi kumlazimisha mwanafunzi kuisalimu bendera. Mwaka 2000, familia moja ya Wamormoni na moja ya Wakatoliki katika mji wa Santa Fe, Texas, walipata hukumu ya kuzuia dua ya vipaza sauti kabla ya mechi za shule. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ilimpa haki kocha wa Bremerton, jimbo la Washington, ya kuomba dua yake binafsi uwanjani baada ya mechi. Majaji watatu waliopinga walitaja hofu ileile ya kijana wetu, kwamba mwanafunzi huona analazimika hata asipoamrishwa. Hukumu hizo si zetu peke yetu wala si dhidi yetu peke yetu. Mlango unaompa kocha haki ya dua yake ndio unaompa mwanetu haki ya sijida yake.

Tungemsimulia habari ya Husain Abdullah wa Kansas City Chiefs, aliyeacha msimu mzima wa 2012 ili aende Hija. Septemba 2014 alifunga, akasujudu, na refa akaiadhibu timu yake. Kesho yake ligi ikakiri kuwa adhabu ile haikustahiki.

Kisha tungemwambia: Mwanetu, usiingie katika dua usiyoiamini, kwa sababu dua ni ibada, na ibada haifanywi kwa kumridhisha kocha. Wala usiwadharau wanaoiomba. Simama hatua moja pembeni, inamisha kichwa, muombe Mola wako. Wimbo wa taifa ukipigwa, tulia na uwe na adabu, kwa maana adabu si kuabudu. Ukifungiwa nje kwa ajili ya hilo, usiondoke kimyakimya. Tuite. Baba yako, mama yako na imamu wako tutakwenda pamoja shuleni kuzungumza na wakubwa wake kwa heshima.

Neno hilo la mwisho ndilo lililokosekana. Abdul-Rauf alisimama karibu peke yake, na hata Waislamu wenzake wengi walijitenga naye. Kijana wetu naye tulimwacha peke yake, tena sisi tulikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Kosa letu halikuwa kumtaka ashike dini. Kosa letu lilikuwa kumwachia mzigo wa umma mzima mtoto wa miaka 16.

Mama yake yupo nasi usiku huu upande wa akina mama, na ametupa idhini ya kulisema jambo hili. Kijana mwenyewe sasa ni mtu mzima. Tulimtafuta mwaka jana tukamwomba radhi. Alicheka, akasema: "Shekhe, mpira nilishausahau. Nilichokuwa nikingoja ni mtu wa kuja." Akaja Ijumaa iliyofuata.

Kwa hiyo wazazi, baada ya darsa hii tunaomba kila mmoja amwulize mwanawe: uwanjani kwenu hufanywa nini kabla ya mechi, nawe husimama wapi? Msikilizeni mpaka mwisho kabla ya kumjibu. Na jibu likiwa zito, leteni kwetu. Safari hii tutavua viatu, tutakaa chini.

Ewe Mola wetu, tupe moyo unaozipenda nchi zetu bila ya kuziabudu, na unaokuabudu Wewe bila ya kuwadhulumu waja wako. Wahifadhi vijana wetu uwanjani na msikitini, na tusamehe tulipowajibu kwa haraka. Takabali saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.